Udongo Kwenye Chupa za Jamu

Marlow, Ohio
Jumapili, 29 Septemba 1991

Mwanangu Ondrej,

Natumaini barua hii inakukuta mkavu na glavu zako hazijatoboka. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, hilo unalijua. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya kapu la nguo zilizopigwa pasi. Bibi Kuchta wa jirani anakusalimu, anauliza kama huko Alaska kuna wasichana au kuna samaki tu. Nimemwambia kuna samaki tu, ili asianze kukutafutia mke kutoka kwaya ya kanisani.

Je, unakula? Usiniambie unakula samaki. Nauliza chakula.

Sasa habari yenyewe. Uwanja wa besiboli wa Kerrigan umefungwa. Safari hii ni kweli, siyo kama ile miaka wanasema unafungwa halafu Aprili tunarudi na mataulo yetu kupanguza viti. Timu imehamia kusini, na mwenye ardhi anataka kujenga maduka. Kwanza lakini wanauza vilivyomo. Vyote, Ondrej! Viti, namba za ubao wa matokeo, taa, mlango wa chumba cha wachezaji. Bwana Pavlik amenunua beseni la choo cha wanaume. Anataka apande maua ndani yake. Mkewe hasemi naye tangu Jumanne.

Na mimi nimepewa kazi. Miaka ishirini na sita nimepanguza viti vya sehemu ya tisa, sasa wamenipa udongo. Gus Delaney, yule mtunza nyasi, ndiye aliyenichagua. Tunachota udongo mwekundu wa uwanjani, tunautia kwenye vichupa kama vya jamu, nafunga kwa nta, nabandika lebo yenye picha ya uwanja. Nikamwuliza Gus, "Nani mwenye akili atanunua udongo?" Akasema, "Subiri uone, Milka."

Siku ya kwanza nilibeba ndoo na kijiko nikielekea kwenye kilima cha mrushaji katikati ya uwanja, maana nilidhani udongo wa huko ndio watu watakaoutaka. Sikufika. Nilijikwaa kwenye kile kifuniko cha chuma cha bomba la maji nikaanguka kwa goti lilelile. Iliuma mpaka nikacheka. Kwa vile nilikuwa chini tayari, nikachota palepale, bado nimepiga magoti. Udongo wa pale una weupe weupe, nadhani ni chokaa ya mistari. Nilibandika bado niko chini, lebo ikakaa upande. Gus akasema hiyo haiuziki, nenda nayo nyumbani. Basi iko dirishani jikoni, karibu na redio ya baba yako. Ndiyo chupa yangu ya kwanza.

Leo nilipotoka misa nilipita makaburini kwa baba yako, nikang'oa majani. Nilimwambia kuhusu uwanja. Hakusema kitu, kama kawaida yake.

Vaa soksi mbili mbili.

Mama yako,
Milka


Dutch Harbor, Alaska
Jumamosi, 12 Oktoba 1991

Mama,

Nimekauka na ninakula. Siyo samaki. Mpishi wetu ni mtu wa Manila, anapika wali ambao ungemfanya Bibi Kuchta ahamie huku. Meli imeingia bandarini jana, nikakuta barua yako inanisubiri. Tunatoka tena kesho. Vidole vyote kumi vipo, nimevihesabu.

Mama, naomba uache kazi ya udongo. Vumbi hilo siyo zuri kwa kifua chako, na kuinama na goti hilo ni ujinga. Mwambie Gus akupe viti. Kufungua bolti ni kazi ya wanaume, lakini kuna kuviosha, kuna kuandika namba. Mwambie mimi ndiye niliyesema.

Na wengine wanaochota wamechota wapi? Umechota wapi wewe? Niandikie mahali mahali.

Nakuuliza kwa sababu kuna kitu cha Baba humo uwanjani. Nilikiweka mimi, mwaka ule aliofariki. Nitakichukua mwenyewe nikirudi Krismasi. Mpaka wakati huo, tafadhali, usichimbe na mtu asichimbe. Ni kitu kidogo tu. Usianze kukosa usingizi.

Mwanao,
Ondrej


Marlow
Jumapili, 13 Oktoba 1991

Mwanangu Ondrej,

Salamu nyingi kutoka jikoni. Barua yako bado haijafika, lakini siwezi kusubiri posta ndipo niseme ninayotaka kusema. Huku baridi imeanza. Vitoto vya paka vimefumbua macho. Nimetengeneza kabichi za kuviringa na nyama, sufuria kubwa, kwa mazoea tu. Nimekula mbili, zilizobaki nimempelekea Padri, naye amerudisha sahani tupu na baraka.

Unakumbuka nilisema hakuna atakayenunua udongo? Foleni, Ondrej. Foleni mpaka barabarani. Na watu wenyewe ni wa ajabu. Nilidhani watataka udongo wa kilima cha mrushaji au wa karibu na bamba la mpigaji, mahali penye sifa. Wageni wa kutoka mjini ndio wanaotaka huo. Watu wetu wa hapa hawautaki.

Alikuja Bibi Kuchta mwenyewe, kavaa koti la kanisani, akanivuta pembeni kama anataka kuniuzia siri. "Milka," ananiambia, "nipe wa chini ya nguzo ya njano ya kushoto. Siyo karibu na nguzo. Chini yake, upande wa nyuma." Nikamwambia udongo wote ni mmoja, shoga. Akaniangalia kwa jicho ambalo sijaliona tangu azikwe mumewe. "Siyo mmoja," akasema.

Nikamchotea. Akaikumbatia ile chupa kifuani, akaondoka bila kuchukua chenji.

Halafu akaja yule mzee Sabol aliyefiwa na binti. Naye hakutaka popote ila hatua nne kutoka benchi la timu ngeni, kwenye kona. Alizihesabu hatua mwenyewe. Akaja mwanamke nisiyemjua, wa kutoka Pittsburgh, na kikaratasi kilichochorwa ramani kwa penseli. Hawaulizi bei. Hawacheki. Hawasemi habari za mechi hata moja.

Nikamwuliza Gus, "Hawa watu wana nini?" Alikuwa anakunywa kahawa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akasema, "Milka, mimi nimekata nyasi hapa tangu ujana. Unafikiri sipaoni mahali palipochimbwa na kijiko cha chai? Wakikuonyesha kwa kidole, wewe chota. Usiulize."

Basi siulizi.

Jambo lingine, usinicheke. Sehemu yangu ya tisa imeshang'olewa viti vyote, yamebaki matundu ya bolti kwenye saruji. Juzi mchana, jua liko utosini, nilikuwa peke yangu nabandika lebo. Nikasikia viti vinajikunja. Unaijua ile sauti, watu wakinyanyuka mwisho wa mechi na kile kiti cha mbao kinaruka kwa springi: pa, pa, pa, safu nzima, kutoka chini kwenda juu. Nikageuka. Saruji tupu. Na sauti ikaendelea mpaka safu ya mwisho, kisha ikanyamaza, kama watu wamefika mlangoni.

Nilifunga nta ya chupa tatu upya, maana nilipogeuka niliiharibu.

Na ile chupa yangu ya dirishani ina ukungu kwa ndani. Inaanza saa moja jioni, saa ya mechi, kama mtu anahema kwenye kioo. Ikifika saa tatu u nusu imekauka. Bibi Kuchta anasema udongo una unyevu. Nimemwuliza na yake je. Akafunga vifungo vya koti lake, akaenda zake.

Mama yako


Marlow
Jumapili, 27 Oktoba 1991

Mwanangu Ondrej,

Natumaini meli haiyumbi unaposoma. Nimepata barua yako Alhamisi, na Jumapili iliyopita nilikuwa nimepata simu yako. Nashukuru kwa simu. Uliniuliza hali ya hewa, nikakwambia. Ukaniuliza tena hali ya hewa. Kisha ukasema kuna watu nyuma yako wanasubiri, ukakata. Mwanangu, umesafiri baharini ukapanga foleni uniulize kama kunanyesha Ohio?

Udongo siachi. Kifua changu ni kizima, na goti liliharibika kwa kusugua sakafu za watu, siyo kwa udongo.

Umeniuliza nimechota wapi. Nitakwambia. Kwenye kilima cha mrushaji nimechota. Karibu na bamba la mpigaji nimechota mpaka pamekuwa shimo. Pale watu wetu waliponionyesha nimechota, kila mmoja na mahali pake. Huko kwenye nyasi za mbali sijagusa. Penye benchi letu sijagusa. Uwanja ni mkubwa, Ondrej, na mimi ni mwanamke mmoja na kijiko.

Unasema utakuja kukichukua Krismasi. Tingatinga zinaingia Jumatatu ya tarehe kumi na nane Novemba. Tarehe imebandikwa getini. Krismasi patakuwa lami.

Basi niambie kiko wapi hicho kitu cha baba yako. Sikuulizi ni kitu gani. Niandikie tu: hatua ngapi kutoka wapi. Nitakichota mimi, nitakiweka, na hutasikia neno kutoka kwangu. Hao wengine wote wamekuja na hatua zao wamezihesabu. Mimi tu ndiye ninayegawa chupa kwa watu na sijui nielekee wapi na yangu.

Sisi wafanyakazi tumeambiwa kila mtu achague kitu kimoja. Nimechagua viti vyenu viwili, safu ya K, chako na cha baba yako. Nilitaka cha baba yako tu, nikaambiwa haiwezekani, viti hivi vinauzwa viwili viwili kwa sababu mguu wa chuma wa katikati ni mmoja. Ukivitenganisha, kimoja kinaanguka. Gus amenisaidia kuvileta, viko barazani nyuma. Vimejikunja vyote viwili, springi bado kali. Nimevipanguza. Mazoea.

Niandikie upesi. Mahali tu.

Mama yako


Dutch Harbor
Jumamosi, 2 Novemba 1991

Mama,

Mimi mzima. Tumepata samaki wengi mno, tunalala zamu ya saa nne nne. Jamaa mmoja wa hapa melini amepoteza jino kwa kamba, anatembea nalo mfukoni kama bahati.

Nimepata ile ya tarehe kumi na tatu, ya foleni na ya Bibi Kuchta. Nimeisoma mara nyingi. Mpishi aliniuliza kama nimefiwa.

Usijali kuhusu kile kitu. Labda hata hakipo tena. Mvua, mabomba, miaka minne. Sahau nilichosema.

Nimeanza barua hii mara nne. Nilitaka kukuuliza jambo lingine. Bado unakwenda makaburini kila Jumapili? Unakaa muda gani? Unazungumza naye?

Usinijibu hilo.

Mwanao,
Ondrej


Marlow
Jumapili, 3 Novemba 1991

Mwanangu Ondrej,

Salamu, na Mungu akuweke juu ya maji. Leo naandika mapema kwa sababu kuna kitu kimeninyima usingizi.

Jana ilikuwa siku ya marehemu wote. Unajua tunavyofanya: mishumaa kwenye makaburi, watu wetu wote, kilima kizima kinawaka. Nilibeba mishumaa sita, miwili ya wazazi wangu, miwili ya wakwe, miwili ya baba yako. Nilifika jua linazama, na kilima kilikuwa giza. Labda mishumaa ishirini yote kwa yote. Nikamwuliza Padri kama nimekosea siku. Akasema hapana, naye anashangaa.

Niliwasha yangu mitano. Nikarudi kwa njia ya uwanjani, maana ni fupi kwa goti.

Ondrej, mishumaa ilikuwa huko. Imepangwa chini kwenye uzio, kuuzunguka uwanja wote, mmoja kila hatua mbili tatu. Katika vioo vyekundu vya makaburini. Na watu wamesimama wameshika waya wa uzio, wanatazama ndani kwenye giza. Bibi Kuchta, Sabol, akina Pavlik mume na mke, wameshapatana. Hakuna aliyekuwa anasali kwa sauti. Nilisema, "Jioni njema." Wakaitika wote pamoja, polepole, bila kugeuza vichwa.

Na ndani ya uwanja, mwanangu, kule ambako hakuna kiti hata kimoja kilichobaki, nilisikia vile viti vinashuka. Siyo kujikunja. Kushuka. Watu wanakaa.

Wote pale uzioni walisikia. Najua walisikia, kwa sababu Bibi Kuchta alishika mkono wangu. Akanong'ona, "Na wewe wako yuko wapi, Milka?"

Nikasema, "Sijui."

Hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Wanawake wote wale wanajua, mimi sijui.

Nilikuwa nimebakiza mshumaa mmoja. Niliuacha getini, maana sikujua niuweke mbele ya nini.

Tarehe kumi na nane, Ondrej. Imebaki Jumapili moja ya kuandikiana, basi.

Mama yako


Dutch Harbor
Jumamosi, 9 Novemba 1991

Mama,

Natumaini umekaa kitini. Kaa kwanza.

Nimeipata ile ya tarehe ishirini na saba, ya viti. Tunatoka saa kumi na hatutarudi bandarini mpaka tarehe ishirini na tano, kwa hiyo hakuna simu. Hata ningekuwa nayo, nisingesema. Siku ile nilipanga foleni saa mbili nikiwa na maneno yote mdomoni, ukasema "Halo, mwanangu," yakaondoka.

Aliyeko makaburini siyo Baba.

Aliniita hospitali, ile wiki ya mwisho, wewe umeenda kufua. Akaniambia, "Mama yako atanitia makaburini na wazee wake. Mimi nipeleke uwanjani." Unakumbuka jinsi alivyotaka achomwe, na wewe ukasema watu wetu hawachomwi, na yeye akasema amekaa tanurini kiwandani miaka thelathini, ameshazoea? Ulikubali hilo kwa sharti majivu yaende kwenye ardhi ya kanisa. Nilikuahidi wewe na nilimwahidi yeye.

Nilimpeleka uwanjani usiku wa kuamkia mazishi. Kile chombo cha shaba tulichokizika, nilikijaza majivu ya jiko la kuni la karakana.

Miaka minne, Mama, kila Jumapili unang'oa majani na kuzungumza na majivu ya jiko. Nilikuwa nakutazama kutoka kwenye gari. Ndiyo maana niliondoka. Siyo kwa sababu ya mshahara.

Yuko nyuma ya kituo cha tatu cha wakimbiaji, upande wa uzio. Hatua tatu. Kuna kifuniko cha chuma cha bomba la maji, na yeye yuko kando yake, upande wa jua linapotokea. Nilichimba kwa mkono. Hakuko chini sana.

Mchote, Mama. Chukua ndoo, chukua Gus, chukua yeyote. Kisha unichukie utakavyo.

Ondrej

Jumatano tarehe 13. Barua nilimwachia mtu wa posta, na sasa nasikia kwenye redio ya meli kwamba ndege haijaruka tangu Jumapili kwa ukungu. Niliongeza stempu. Sijui kwa nini nilidhani stempu zingesaidia. Mstari huu nauandika kwenye karatasi nyingine, nitautuma nikifika bandarini, ujue nilijua.


Marlow
Jumapili, 24 Novemba 1991

Mwanangu mpendwa Ondrej,

Salamu, salamu, salamu. Mimi mzima. Hata goti limepumzika. Vitoto vya paka vimepata kwao, mmoja kwa Padri. Usiruke mstari kutafuta mwisho, nakujua. Soma polepole.

Barua yako ilifika Jumatano, tarehe ishirini. Tingatinga ziliingia Jumatatu.

Nilikuwepo Jumatatu, tulikwenda wengi. Walianza upande wa kituo cha tatu. Nilisimama na kijiko changu kwenye mfuko wa koti kama mjinga, nikatazama lile jembe la chuma likiukunja uwanja kama zulia. Bibi Kuchta alikuwa na chupa yake chini ya koti. Wengi walikuwa nazo, unaziona zimevimba kwenye makoti. Kila mtu alikuwa amekuja na marehemu wake aone. Mimi tu ndiye niliyekuja mikono mitupu. Nilirudi nyumbani nikalia kwa sauti, nakwambia kweli, nikalala na viatu.

Jumatano nikasoma barua yako nimesimama pale posta.

Sasa nisikilize. Majivu ya jiko nayajua tangu siku ya mazishi. Asubuhi ile niliingia karakana kutafuta mwavuli, nikakuta jiko limesafishwa mpaka kwenye wavu. Wewe, Ondrej! Wewe ambaye hujawahi kuosha kikombe ulichokinywea. Nikasimama pale na mwavuli mkononi nikajua yote, ila mahali.

Sikusema kwa sababu baba yako aliniomba mimi kwanza, kabla yako. Nilimwambia, "Sikulazi mahali watu wanapotema mate na maganda ya mbegu." Akageukia ukutani. Ndilo jambo la mwisho la maana aliloniomba na nilimkatalia. Ulipofanya wewe nilishukuru, na nikaona haya, na nikaenda kila Jumapili makaburini ili usijue kwamba najua. Na lile jiko nalo nilikuwa nalishukuru. Lilitupasha moto miaka mingi. Wewe ulikaa kwenye gari unanitazama, mimi nilikuwa nakutazama kwa kioo cha pochi yangu. Familia gani hii!

Kazi ya udongo niliiomba. Gus hakunichagua, nilimsumbua wiki nzima. Nilidhani nikikuandikia nachota hapa, nachota pale, utaogopa, utaniambia. Ulichelewa kuogopa, au nilichelewa kukwambia. Tugawane.

Nimesema usome polepole. Itoe barua yangu ya kwanza, ya Septemba, kama hujaitupa. Tafuta pale nilipoanguka.

Kifuniko cha chuma cha bomba la maji.

Nilitoka posta mbio, na goti hili, watu walisimama. Nilifika jikoni, nikachukua ile chupa ya lebo ya upande, nikaketi sakafuni nayo. Weupe ule siyo chokaa, Ondrej. Chokaa ya mistari haifiki kule. Siku ya kwanza kabisa, kabla sijajua pa kuanzia, alinikamata mguu akaniangusha juu yake. Mwezi mzima na nusu nimezunguka uwanja kumtafuta, na yeye yuko dirishani anahema kwenye kioo, anasikiliza redio yake.

Haikuwa saa moja bado, lakini kioo kilikuwa na ukungu.

Siyo yeye mzima. Sehemu yake iliyobaki imeenda na tingatinga, na nitamwomba radhi kila nikipita hapo patakapokuwa na maduka. Lakini nimempata wa kutosha.

Nimeitoa ile chupa nimeiweka barazani, kwenye kiti chake. Unajua springi zile, mtoto mdogo akikaa zinamtupa. Chupa ni nyepesi kama jamu. Kiti kilishuka polepole, taratibu, kikalia kama kinavyolia kwa mtu mzima anayechoka, kikakaa hivyo hivyo mpaka sasa. Nimejaribu kukinyanyua kwa mikono miwili. Hakinyanyuki. Nimemwambia, "Haya basi, Stefan, kaa." Ninakipanguza kumzunguka.

Chako kilibaki kimejikunja. Nilikipanguza pia.

Jana Jumamosi nilikuwa naosha vyombo, mchana, dirisha liko wazi. Nikasikia barazani: kiti kinashuka. Nikatoka na povu mikononi. Chako, Ondrej. Kiko chini, usawa mmoja na cha baba yako, na mbao zake zilikuwa zimelowa, na maji yana chumvi. Nililamba kidole.

Niliogopa. Nakuambia wewe kwa sababu hakuna mwingine. Nilisimama pale mpaka povu likakauka. Umesema mko baharini mpaka tarehe ishirini na tano. Nilimwuliza baba yako. Hakusema kitu, kama kawaida yake. Lakini kama ingekuwa ni lile jambo ninaloliogopa, angenyanyuka kwenye kiti chake, namjua, asingekaa tuli vile. Amekaa kama anavyokaa anapokusubiri urudi na soda kabla mpigaji wa kwanza hajasimama.

Kwa hiyo nimekwenda dukani. Nimenunua kabichi tatu kubwa na nyama. Sufuria kubwa iko jikoni, inachemka ninapoandika. Kitanda chako nimekitandika, nimeacha taa ya baraza inawaka tangu jana mchana, na mlango wa nyuma sijaufunga.

Naituma kwa sababu nimeshaiandika. Kama inakukuta bado huko, basi mimi ni mwanamke mzee mwenye kiti kibovu, na wewe panda ndege. Lakini ikirudishwa kwangu kwamba mwenyewe hayupo, sitaifungua. Nitaenda kutazama barazani nani ameshakaa, na nitapakua sahani mbili.

Mama yako,
Milka